Kunigunda na Uwanja wa Mgeni Rasmi

Kibao cha Shule ya Sekondari Lipambala kilikuwa kipana kuliko mlango wa maabara yake. Kilisimama kando ya barabara ya Mbinga, maandishi meupe juu ya rangi ya bluu, na msafiri aliyekisoma angedhani kwamba huko juu mlimani kuna jambo kubwa. Huko juu kulikuwa na madarasa manne ya matofali ya kuchoma, ofisi, jiko la nyasi, maabara isiyokuwa na hata chupa moja ya dawa, na bodi ya wajumbe kumi na watatu. Chombo pekee cha kufundishia fizikia kilikuwa mizani ya kupimia magunia ya kahawa, iliyotolewa na chama cha msingi cha ushirika. Wanafunzi waliitumia kupimana uzito wenyewe kwa wenyewe, na somo likaishia hapo.

Kulikuwa pia na Kunigunda, mjane wa Protasi Kapinga. Yeye kwenye orodha ya watu muhimu wa shule hakuandikwa popote, ingawa bila yeye wajumbe wote kumi na watatu wasingekuwa na shule ya kuiongoza.

Shule ilianzishwa mwaka 1987. Wakulima walikubali sehemu ya kahawa yao ikatwe kila msimu, wakabeba matofali vichwani kutoka bondeni, wakajenga. Walipomaliza kupiga makofi, wakagundua kwamba wanafunzi wanaotoka mbali watalala hapo na kwamba watu wanaolala mahali hula. Ndipo mwenyekiti wa bodi, Mzee Othmar Ndunguru, aliyekuwa pia kiongozi wa chama cha msingi, alipokwenda kwa Kunigunda akifuatana na wajumbe wawili. Wakaketi kwenye vigoda vifupi, magoti yakiwa usawa wa videvu, wakaomba mteremko ulio juu ya madarasa, ambao marehemu Protasi alimwachia mkewe.

Kunigunda alikuwa ameishia darasa la nne, lakini kusikiliza alijua.

"Nitautoa," alisema. "Binti yangu Luisa atasoma hapo mpaka amalize kidato cha nne. Liandikeni hilo."

"Mama Luisa, kwani neno letu wazee halitoshi?"

"Linatosha sana, Mzee. Liandikeni tu."

Wakaliandika kwenye kumbukumbu za mkutano, Mzee Othmar akagonga muhuri wa shule, na Kunigunda akawa mtunza shamba.

Mteremko wa Lipambala ni mkali kiasi kwamba mbuzi akiupanda hupumzika katikati. Katika nchi ya Wamatengo, mahali kama hapo hulimwa kwa ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini katika mistari inayokatana, kama fremu za madirisha. Wanawake hufuata na majembe, huchota udongo wa katikati ya kila dirisha na kuyafunika yale majani. Katikati hubaki shimo, pande zote nne tuta. Mvua ikinyesha, kila shimo hunywa maji yake, wala hakuna maji yanayoteremka kwenda kumsumbua aliye chini. Matuta huotesha maharage, kisha mahindi. Kunigunda alifundishwa kazi hiyo na mama mkwe wake kwa matusi mengi, naye akawafundisha wasichana wa kidato cha kwanza kwa matusi yale yale.

Kwa miaka sita shule nzima ilikula maharage ya mteremko ule. Mwalimu Kilian, wa jiografia, alishiba vizuri zaidi ya wote. Kila mwaka alifundisha mmomonyoko wa udongo kwa mchoro alioukopi kitabuni, mchoro wa milima ya nchi nyingine kabisa, huku akiwa ameligeuzia mgongo dirisha ambalo nje yake ngolo mia kadhaa zilikuwa zikiuzuia mmomonyoko huohuo. Hakugeuka hata siku moja. Kunigunda, akipita na jembe, alikuwa akimtazama kupitia dirishani na kujiuliza chaki hiyo inauzwa shilingi ngapi.

Luisa alianza kidato cha kwanza mwaka 1992. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye mwandiko ambao hata mama yake aliweza kuusoma.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1994 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa kila mwenye gari na mfuko. Wanunuzi binafsi wakaingia Mbinga, wakanunua shambani, wakalipa palepale. Wakulima wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kahawa ambayo haikupita chama cha msingi haikukatwa kitu cha shule, na bodi, yenye wajumbe kumi na watatu wenye akili timamu, haikukaa hata dakika moja kulifikiria hilo. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuwahamishia watoto wao Songea. Mkuu wa Shule, Mwalimu Wilfred, akampa mnunuzi mmoja maabara iwe ghala lake. Kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, maabara ikawa na kitu ndani, na mizani ya fizikia ikarudi kwenye kazi inayoijua.

Mzee Othmar naye aliona kwamba chama cha msingi kinakufa na cheo chake pale kinakufa nacho. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa mwaka unaofuata. Akafikiri. Watu waliomfahamu wanasema alifikiri kwa wiki mbili, na matunda ya fikra hizo aliyaleta kwenye mkutano wa bodi mwezi Septemba.

Kunigunda alikuwa ameleta chakula cha wajumbe. Alikuwa bado akigawa maharage Mzee Othmar aliposimama.

"Mahafali ya Oktoba," alisema, "yatakuwa na mgeni rasmi kutoka mkoani. Mgeni rasmi hawezi kupokewa kwenye mteremko. Atasimamaje? Mguu mmoja juu, mmoja chini, kama kuku kwenye mti? Tunahitaji uwanja wa gwaride. Shamba lile la juu lina mashimo tu. Tutayafukia, tutasawazisha."

"Wazo zito," alisema Mwalimu Wilfred, mdomo ukiwa umejaa.

Kunigunda akaweka upawa chini. "Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza. Maji yatapita wapi?"

"Maji gani, Mama Luisa? Jua linawaka."

"Ya Februari."

"Yatapita kwenye mtaro."

"Mtaro uko wapi?"

"Utachimbwa."

"Na nani?"

Wajumbe wakacheka. Mmoja akasema huyu mama angefaa kuwa mbunge. Kunigunda akamgeukia Mwalimu Kilian. "Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha habari za udongo. Waambie."

Mwalimu Kilian akaitazama sahani yake kwa makini, kana kwamba somo lilikuwa chini ya mchuzi. "Kitaalamu," alisema, "suala hili lina pande mbili."

"Upande mmoja ni juu na wa pili ni chini," alisema Kunigunda. "Na madarasa yako chini."

Ikapigwa kura. Mikono kumi na mitatu ilipanda, ule wa Mwalimu Kilian ukiwa wa mwisho na mfupi kuliko yote. Wakamaliza maharage, wakaomba mengine.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Wanafunzi waliacha vipindi wakabomoa matuta, wakafukia mashimo, wakakata mlima upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini, mpaka pakapatikana bapa jekundu lililokuwa karibu sawa. Luisa alikuwa miongoni mwao. Jioni alirudi nyumbani bila kuthubutu kumtazama mama yake.

"Wametuamuru, mama."

"Najua. Wewe fukia. Mvua zikianza, chukua dawati la upande wa mlangoni."

Siku ya mahafali ikafika. Uwanja ulipambwa kwa karatasi za rangi, kwaya ikapangwa, meza ikafunikwa kitambaa cha altare kilichoazimwa parokiani. Asubuhi ikanyesha manyunyu, ambayo yasingelowesha hata kanga. Gari la mgeni rasmi likafika chini kwenye kibao, likasimama. Dereva akatoka, akaiangalia njia ya kupanda shuleni, akarudi ndani. Mgeni rasmi akashusha kioo. Akasema viatu vyake si vya njia hiyo.

Basi mahafali yakashuka. Kwaya ilishuka, meza ikashuka, kitambaa cha altare kikashuka kikiwa kimeshikwa pembe nne. Wahitimu wakapewa vyeti kando ya barabara, wakisogea kila lori la samaki lilipopita kutoka Mbamba Bay. Mgeni rasmi alizungumza kwa dakika kumi na tano, akasifu mazingira mazuri ya shule ambayo hakuyaona, akaondoka. Juu mlimani, kwenye uwanja wa gwaride, mbuzi wawili walikuwa wakila karatasi za rangi.

Kunigunda alisimama chini ya kibao akayatazama yote hayo. Hakucheka. Alikuwa akiwaza mtaro ambao ungechimbwa.

Mvua kubwa ilikuja Jumapili ya pili ya Februari, watu wakiwa kanisani, na hilo pekee ndilo lililookoa roho za watoto. Maji ambayo kwa miaka sita yalikuwa yamenywewa na mashimo, kila shimo na kikombe chake, safari hii yalikusanyika pamoja kwenye bapa lile jekundu, yakaona njia moja, yakaifuata. Yaliingia darasa la kidato cha tatu kupitia dirishani na kutokea mlangoni. Ukuta wa nyuma wa maabara ukalala. Kahawa ya mnunuzi ilielea mpaka bondeni, magunia yamevimba. Ofisi ilijaa tope mpaka kwenye kitasa cha kabati.

Wakaguzi walikuja Machi. Hawakukaa sana. Waliyaona madarasa, wakauliza idadi ya walimu waliobaki, wakapewa namba wakadhani wamesikia vibaya. Shule ifungwe mwisho wa mwezi, wakasema, na kila mwanafunzi atafute uhamisho. Wakaguzi walitaka pia maelezo ya maandishi kuhusu chanzo cha maafa, yakiwa na saini ya mtu anayehusika na shamba.

Mwalimu Wilfred hakuwepo kutoa barua za uhamisho. Alikuwa ameshaajiriwa na yule mnunuzi wa kahawa, Songea, kazi ya kupima. Muhuri wa shule alikuwa nao Mzee Othmar.

Luisa alikuwa kidato cha nne. Bila barua asingepokelewa na shule yoyote, na asipopokelewa kabla ya mwezi kwisha asingesajiliwa kufanya mtihani wa taifa. Miaka mitatu na zaidi ya kupanda mlima na vitabu ingekwisha kama kahawa ya maabara. Kunigunda akavaa kanga safi, akamchukua binti yake, wakaenda kwa mwenyekiti.

Walimkuta sebuleni, mbele yake meza, karatasi mbili na muhuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Luisa. Karibuni. Barua ya mtoto ipo tayari, imebaki kugongwa tu. Ila kuna hii nyingine, weka saini yako hapa, halafu tunamaliza yote pamoja."

"Luisa, nisomee."

Luisa akasoma. Sauti yake ilianza vizuri, ikapungua kadiri alivyoendelea. Karatasi ilisema kwamba mtunza shamba alilima ngolo juu ya madarasa, kwamba mashimo ya ngolo hizo yalihifadhi maji mengi, na kwamba mashimo yalipopasuka ndipo maji yalipobomoa shule.

Kunigunda akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna lingine.

"Mashimo gani, Mzee? Mliyafukia Septemba."

"Yale ya zamani. Yalibaki kwa chini."

"Shimo lililofukiwa likapasuka."

"Mambo ya ardhi ni magumu, Mama Luisa."

"Naona. Yamewashinda watu kumi na watatu."

Mzee Othmar hakukasirika. Aliusogeza muhuri karibu na barua ya Luisa, kisha akaurudisha alipoutoa, polepole, ili waone umbali. "Wakaguzi wakisikia bodi ilibadili ardhi bila kibali, kuna watu watapata matatizo. Mwaka huu si mwaka wa matatizo. Wewe hugombei kitu. Nani atakuuliza?"

"Mama, usisaini," alisema Luisa. "Huo ni uongo. Tuondoke."

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Afadhali nisifanye mtihani."

"Na baada ya hapo? Utasoma kwenye ukweli? Ukweli una madawati?" Kunigunda akachukua kalamu. "Hii karatasi itakwenda ofisini. Huko ofisini kuna mtu aliyewahi kushika jembe? Watairundika juu ya nyingine. Hapa Lipambala kila mtoto anayenyonya anajua maji yalitoka wapi. Gonga kwanza muhuri wako, Mzee. Barua ya mtoto akiwa nayo mkononi, mimi nitaandika."

Mzee Othmar akagonga. Luisa akaishika barua kana kwamba ina moto. Kunigunda akaandika jina lake lote, herufi moja moja, jinsi alivyofundishwa darasa la pili, akarudisha kalamu.

"Umefanya la busara," alisema mwenyekiti.

"Wewe sijui umefanya nini," alisema Kunigunda. "Kwaheri."

Wakarudi nyumbani. Usiku ule Luisa alikataa kula. Kunigunda alimwekea sahani karibu, akamwacha.

Siku ya tatu walipanda lori la wafanyabiashara wa samaki lililokuwa likirudi tupu ziwani, wakateremka mpaka Liuli, kwa Hilda, mdogo wake Kunigunda. Hilda aliolewa na mvuvi Mwanglikana aitwaye Allen, na kwa ajili hiyo ndugu wa milimani walimzungumzia kama mtu aliyehamia nje ya nchi. Allen mwenyewe ndiye aliyempeleka Luisa kwenye shule iliyokuwa na nafasi, mwendo wa saa moja kando ya ziwa, na kumwambia mwalimu kwamba huyu ni mwanawe. Mwalimu akaisoma barua, akautazama muhuri, akaandika jina.

"Atakula usipa, dagaa wetu wa ziwani, kila siku," alisema Allen. "Maharage hapa mpaka Noeli."

"Ale tu," alisema Kunigunda. "Ila asinirudie akiwa Mwanglikana."

"Akifaulu je?"

"Akifaulu tutazungumza."

Luisa alimsindikiza mama yake mpaka kwenye lori. "Bado nakuona umekosea," alisema.

"Niandikie hivyo kwenye barua," alisema Kunigunda. "Mwandiko wako nausoma."

Aliporudi Lipambala hakumwuliza mtu. Shule imefungwa, makubaliano yamevunjika, mteremko ni wake. Akawaita wanawake wenzake, Tadea, Emerensiana na wengine, wakafanya ngokela, ile kazi ya kulimiana kwa zamu, na waume zao wakaja kufyeka. Walianza katikati kabisa ya uwanja wa gwaride. Mlima uliokatwa walishindwa kuurudisha wote, lakini kufikia mwisho wa Aprili mashimo yalikuwa yamerudi, na waliokuwa wakipita barabarani waliweza kuyaona juu ya madarasa yasiyokuwa na paa, kwa kuwa mabati yalikuwa yameshapata wenyewe.

Mzee Othmar akafanya kampeni. Na kwa sababu alikwisha kuandika kwamba ngolo zilibomoa shule, ilimbidi awe mtu anayeamini hivyo. Alisimama kijiji baada ya kijiji mpaka Ukata akiwaeleza Wamatengo, ambao babu zao walilima ngolo kabla ya kuona bati, kwamba mashimo ni hatari na yamepitwa na wakati. Watu walimsikiliza kwa adabu kubwa. Kisha, ili kuonyesha mfano, akaamuru ngolo zilizokuwa juu ya nyumba yake mwenyewe zifukiwe. Mwezi Oktoba kura zikahesabiwa, na wengi wanaamini kwamba hata mkewe hakumpa ya kwake.

Novemba Luisa alifanya mtihani. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata daraja la tatu, na barua yake ilisema amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Chini kabisa aliongeza sentensi moja: "Bado nakuona umekosea, mama, ila nimefaulu." Kunigunda aliisoma mara nyingi, akaiweka ndani ya kitabu cha sala.

Mvua za mwaka 1996 hazikuwa kali kuliko za mwaka uliotangulia. Zilitosha tu. Ziliteremka juu ya nyumba ya Mzee Othmar, hazikukuta shimo hata moja la kuzizuia, zikapita jikoni kwake, zikachukua sufuria, mafiga na miche ya kahawa aliyoipanda nyuma. Siku chache baadaye alionekana akipanda mteremko wa shule, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kunigunda na wenzake walikuwa wakikata ngolo mpya. Hakuna aliyesimamisha jembe.

"Habari za kazi, akina mama."

"Nzuri, Mzee. Za nyumbani?"

"Mmesikia wenyewe." Akakohoa. "Nimekuja kuomba ngokela yenu. Mteremko wa juu ya nyumba. Pombe nitaandaa, na nyama."

"Tutapata tabu, Mzee," alisema Kunigunda. "Kuna karatasi Mbinga inasema mashimo yangu hupasuka. Nikikuua je?"

Wanawake wakaendelea kulima, lakini kimya kimya zaidi.

"Mama Luisa, ile ilikuwa siasa."

"Basi niandikie nyingine. Muhuri bado unao, nilikuona ukiugonga kwenye matangazo yako ya kampeni."

Akaenda, akarudi kesho yake na karatasi. Kunigunda hakuipokea. "Isome, Mzee. Mimi macho yangu ni ya darasa la nne."

Mzee Othmar akasimama mahali ambapo mgeni rasmi alipaswa kusimama, mguu mmoja juu, mmoja chini, akasoma mbele ya wanawake tisa wenye majembe. Alisoma kwamba ngolo za Kunigunda Kapinga hazikubomoa shule. Kwamba bodi ilizifukia kwa kura ya watu wote. Kwamba mtunza shamba aliuliza maji yatapita wapi na hakujibiwa. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe akashusha sauti.

"Rudia hapo," alisema Tadea. "Upepo umechukua."

Akarudia.

Kunigunda akaichukua karatasi, akautazama muhuri wa shule isiyokuwepo. Akainama, akailaza juu ya majani yaliyofyekwa, pale tuta jipya lilipokuwa likiundwa, akachota udongo wa katikati na kuifunika vizuri.

"Mama Luisa," alisema Mzee Othmar, "hiyo si ulitaka iende Mbinga?"

"Mbinga wataifanyia nini?" Akapiga udongo kwa kisogo cha jembe. "Hapa itaoza pamoja na majani, maharage yatafaidi. Jumatatu tutakuja kwako. Nyama iwe ya kutosha, tuko tisa."